Roboti Haioni Mfupa, Inaona Picha: Hotuba kwa Timu za Upasuaji wa Uti wa Mgongo

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari, wauguzi wa chumba cha upasuaji, wataalamu wa usingizi, mafundi wa picha, na wanafunzi mliokaa huko nyuma, habari za asubuhi.

Naomba tuanze na kipande kidogo cha mfupa. Kila pingili ya uti wa mgongo ina mwili mnene upande wa mbele na tao upande wa nyuma, na hivyo viwili vimeungwa na madaraja mawili mafupi, moja kulia na jingine kushoto. Daraja hilo tunaliita kikonyo cha pingili, au pedikeli. Ndimo inamopita skrubu tunapofunga pingili zilizovunjika, zilizolegea au zilizopinda. Kwenye pingili ya tano ya kiuno, yaani L5, kikonyo ni kipana. Kwa watu wazima wengi hupita milimita 15. Panda hadi katikati ya kifua, kati ya T4 na T6, utakuta upana wa milimita 4 au 5 tu, na wako watu ambao hata hizo hazifiki. Ukuta wa ndani wa kikonyo unapakana na mfereji wenye ugwe wa neva. Chini yake inatoka neva. Mbele ya mwili wa pingili umelala mshipa wa aota.

Sasa tufanye hesabu. Skrubu yenye unene wa milimita 6.5 ikipita katika kikonyo cha milimita 8, inabaki milimita 0.75 kila upande. Mwelekeo ukikosewa kwa digrii 1, baada ya sentimita 5 ncha ya skrubu imehama karibu milimita 0.9. Ukikosewa kwa digrii 3, imehama milimita 2.6, na hapo tayari tuko nje ya mfupa. Hesabu hiyo ndiyo iliyoileta roboti katika upasuaji wa mgongo. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha jinsi roboti inavyoweza kumuumiza mgonjwa kwa utulivu kabisa, bila mkono wa mtu yeyote kutetemeka.

Tuelewane kwanza mashine hii ni kitu gani. Wengi wakisikia roboti ya upasuaji wanafikiria ile iitwayo da Vinci, ambayo daktari huketi pembeni kwenye dawati lake, akatazama kioo na kuendesha vyombo kutoka huko. Ile ni ya tishu laini: tezi dume, kizazi, figo. Roboti ya mgongo ni jambo jingine. Daktari amesimama palepale mezani, amevaa glavu, ameshika drili mwenyewe. Roboti ni mkono wenye viungo kadhaa unaokwenda mahali palipopangwa kwenye kompyuta, ukajifunga hapo, ukashikilia mrija wa chuma. Drili inapita ndani ya mrija huo. Katika mifumo iliyozoeleka leo, mashine haichimbi, haikazi skrubu, haiondoi mfupa uliobana neva, wala haitoi diski iliyopasuka. Inashikilia mwelekeo, basi. Inaushika bila kuchoka, na kwa skrubu ya kumi inaushika vilevile kama ilivyoushika kwa ile ya kwanza.

Lakini mwelekeo huo imeutoa wapi? Kwenye picha. Hili ndilo neno nililokuja kuwaambieni leo, na nitalirudia kwa sura mbalimbali: roboti haioni mfupa, inaona picha. Mfupa ukiwa mahali ambapo picha inasema upo, mambo yatakwenda sawa. Mfupa ukihama milimita 3 na picha ikabaki, roboti itakupeleka kwa uaminifu mkubwa mahali pasipo na mfupa. Karibu kila kosa nitakalolitaja kuanzia sasa lina mzizi huo mmoja, picha na mfupa vimeachana na hakuna aliyegundua.

Safari yenyewe si ndefu. Roboti ya kwanza ya uti wa mgongo kuruhusiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa SpineAssist, mwaka 2004, iliyotokana na kazi ya Moshe Shoham wa chuo cha Technion nchini Israeli. Ilikuwa ndogo, kiasi cha kopo la soda, nayo ilifungwa kwenye fremu iliyoshikizwa kwenye mwili wa mgonjwa. ROSA Spine ya Ufaransa ilipata kibali cha Marekani mwaka 2016, na ExcelsiusGPS mwaka 2017. Hizi mbili husimama sakafuni na hutumia kamera inayomfuatilia mgonjwa muda wote. Mazor X, kizazi cha baadaye cha ileile SpineAssist, hufungwa kwenye reli ya meza na kuunganishwa na mfupa wa mgonjwa.

Katikati ya safari hiyo kuna utafiti ambao kila anayegusa mashine hizi anapaswa kuujua. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani, Ringel na wenzake, walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliogawanywa kwa kura: nusu walifungwa skrubu kwa mkono, nusu kwa msaada wa roboti ya kizazi cha mwanzo. Jumla ilikuwa skrubu 298. Kwa mkono, skrubu 93 katika kila 100 zilikaa vizuri. Kwa roboti, zilikuwa 85. Roboti ilishindwa. Tangu wakati huo tafiti nyingi za mashine mpya zimeonyesha usahihi unaopita asilimia 95, nami siupingi mwelekeo huo. Lakini sababu walizozitaja Wajerumani hazijazeeka hata kidogo. Kwanza, namna mashine ilivyoshikizwa kwa mgonjwa haikuwa imara vya kutosha. Pili, mrija uliteleza kwenye mteremko wa kiungo cha faseti, yaani kiungo kidogo cha nyuma kinachounganisha pingili na jirani yake, na kukimbilia upande wa nje. Mambo hayo mawili, kushikiza na kuteleza, ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Kabla ya hapo, mpango. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta ya vipande vipande, inayotumika kupanga iwe na vipande vya unene usiozidi milimita 1, na ioneshe pingili zote zinazohusika kwa ukamilifu. Kwenye kompyuta daktari anaiweka kila skrubu moja moja: pa kuingilia, pembe, unene, urefu. Unene usizidi sana asilimia 80 ya upana wa kikonyo. Kwa kiuno mara nyingi ni milimita 5.5 hadi 7.5, na urefu milimita 40 hadi 55. Programu itakupendekezea, ila usikubali tu pendekezo na kubonyeza. Angalia kama kichwa cha skrubu ya juu kabisa kinaingia kwenye kiungo cha pingili iliyo juu yake, ile usiyokusudia kuifunga, kwa sababu ukiharibu kiungo hicho umemtengenezea mgonjwa maumivu ya miaka ijayo. Angalia kama vichwa vyote vimejipanga kwa namna ambayo fimbo ya titani itapita bila kulazimishwa. Na angalia jambo ambalo wengi hawaliwazii wakati wa kupanga: sehemu ya mfupa itakayoguswa kwanza na ncha ya drili ni tambarare au ni mteremko?

Hesabu pia pingili zako. Kuna watu ambao pingili ya mwisho ya kiuno imeungana na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, na wengine wana pingili ya sita kiunoni. Programu inaandika L4 pale ulipoiambia iandike L4. Ukianza hesabu vibaya, skrubu zote nne zitakaa kwa uzuri wa kupigiwa mfano kwenye pingili isiyougua.

Siku ya upasuaji, mgonjwa analazwa kifudifudi, tumbo likiwa huru lisibanwe, kwa sababu tumbo likibanwa mishipa ya ndani inajaa na jeraha linavuja damu. Hapa ndipo kushikiza kunapoanza. Pini nene inapigwa kwenye mfupa wa nyonga, pale kwenye nundu inayoonekana nyuma chini ya kiuno, au kibano kinafungwa kwenye mwiba wa pingili. Juu yake inawekwa fremu ya rejea. Katika mifumo yenye kamera, fremu hiyo ina vijipira vinavyorudisha mwanga wa infraredi, na kamera inavisoma ili kujua mgongo uko wapi.

Tuitazame pini hiyo kwa karibu. Baada ya kuipiga, ishike kwa vidole viwili na uitikise taratibu. Mgonjwa mzima asogee nayo. Kama pini inacheza na mgonjwa ametulia, ing'oe utafute mfupa mwingine. Usiseme itatosha. Kwa wazee ambao mifupa yao imepungua madini, pini inaweza kuonekana imara saa ya kwanza na kulegea saa ya pili. Halafu fikiria mahali pake: msaidizi atasimama wapi? Mkono wake utapumzikia wapi akichoka? Mpira wa kufyonzea damu utapita juu ya nini? Fremu nyingi hazigongwi na roboti wala na daktari; hugongwa na kiwiko cha mtu aliyekuwa anapokezana vyombo. Ndiyo maana baadhi ya mifumo inataka alama ya pili inayojitegemea, imepigwa upande wa pili wa nyonga, ili kompyuta ilinganishe umbali kati ya hizo mbili na kupiga kelele zinapoachana. Kelele hiyo ikilia, simameni. Msizime mkaendelea.

Kinachofuata ni kuoanisha, yaani kuiambia kompyuta kwamba mfupa huu ndio ule wa kwenye picha. Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza hutumia CT iliyopigwa siku za nyuma. Mkiwa chumba cha upasuaji mnapiga picha mbili za eksirei, moja ya kutoka mbele kwenda nyuma na nyingine ya kishazari, na programu inazilinganisha na CT. CT ile ilipigwa mgonjwa akiwa chali, sasa yuko kifudifudi, kwa hiyo pingili hazijapangana kama zilivyokuwa. Ndiyo sababu njia hii huoanisha pingili moja moja. Njia ya pili ni kupiga picha ya pande tatu palepale mezani, alama zikiwa zimeshafungwa. Faida yake ni kwamba picha ni ya mgonjwa jinsi alivyolala sasa hivi. Ubaya wake ni kwamba mgongo wote unachukuliwa kama kipande kimoja cha chuma, na mgongo si chuma.

Mtaalamu wa usingizi, hapa tunakuhitaji sana. Wakati wa picha ya pande tatu pumzi inasimamishwa kwa muda mfupi, mara nyingi haufiki nusu dakika, ili mgongo usipande na kushuka. Isipofanyika hivyo, picha yenyewe inazaliwa na kosa, na kosa hilo litagawiwa kwa kila skrubu. Wafanyakazi wote wajikinge na mionzi au watoke nje.

Baada ya kuoanisha, usiamini. Chukua kiashirio, gusa sehemu unayoifahamu kwa macho au kwa kidole: ncha ya mwiba wa pingili, ukingo wa kiungo, hata kichwa cha pini yenyewe. Kwenye kioo, ncha ya kiashirio iwe imegusa palepale. Kama kioo kinaonyesha ncha inaelea hewani au imezama ndani ya mfupa, oanisheni upya. Ukaguzi huu unachukua sekunde chache. Ufanyeni kabla ya skrubu ya kwanza, mnapohamia upande wa pili, na kila mara kitu kikigongwa. Nauomba ufanyike kwa sauti: daktari aseme anagusa nini, mwingine aseme kioo kinaonyesha nini. Kumbukeni pia kwamba usahihi hupungua kadiri mnavyokwenda mbali na fremu. Fremu ikiwa kwenye nyonga na nyinyi mnafanya kazi kifuani, hapo katikati kuna viungo vingi vinavyocheza.

Sasa tufike kwenye kuteleza, jambo linaloharibu skrubu nyingi kuliko yote mengine kwa mashine za leo.

Ncha ya drili ikigusa mfupa wa mteremko, haipendi kuingia, inapenda kushuka. Kiungo cha faseti kina mteremko mkali unaoelekea nje, na kwa wazee wenye viungo vilivyovimba mteremko huo huwa mgumu na laini kama kokoto la mtoni. Ncha inashuka milimita 2, mrija unapinda kidogo sana, na kioo bado kinaonyesha mstari mzuri wa kijani, kwa sababu kioo kinaonyesha mahali mkono wa roboti ulipo, wala hakionyeshi chuma kilivyojikunja ndani ya nyama. Mashine nyingine zina vihisio vya nguvu na vitakuonya, lakini si kuteleza kote kunakohisiwa.

Tiba yake ina sehemu kadhaa. Kwenye mpango, sogeza pa kuingilia paangukie bonde kati ya kiungo na mbawa ya pingili, au panapokaribia utambarare. Kwenye ngozi, kata kwenye mstari wa mrija wenyewe, na utando mgumu ulio chini ya ngozi uukate kwa urefu wa kutosha. Tundu likiwa dogo kupita kiasi, ngozi na misuli vinausukuma mrija pembeni kama kamba ya upinde, hasa kwenye L5 na S1, yaani pingili ya kwanza ya sakramu, ambako skrubu inatakiwa kuingia kwa kuelekea ndani sana huku ukuta wa misuli na nyonga ukisukuma kinyume. Kwa mgonjwa mnene au mwenye misuli mikubwa, ongeza urefu wa jeraha bila aibu. Jeraha la sentimita moja zaidi linapona. Neva iliyochanwa huenda isipone.

Kwenye mfupa wenyewe, anza kwa drili ya kasi kubwa, ile ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kabla ya kuugusa mfupa. Yaani washa kwanza, ndipo ushushe. Shusha kwa uzito wa chombo tu. Ukiwasha baada ya kukandamiza, umeshateleza. Acha ncha ijichimbie kishimo, irudishe, ishushe tena, kama mtu anayetoboa kigae. Kila baada ya hatua mwagia maji ya chumvi, maana mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja seli zake hufa, na mfupa uliokufa hauishiki skrubu. Na mkono wa pili usiuegemeze kwenye mrija. Mkono wa roboti ni imara, lakini hakuna mkono usiopinda kabisa, na ile milimita 0.75 tuliyoihesabu mwanzoni haina nafasi ya kukusamehe.

Vidole vyako vina habari ambayo kioo hakina. Ganda la mfupa ni gumu, kisha ndani ya kikonyo unasikia ulaini wenye mikwaruzo, kama kuchimba udongo mkavu. Ukisikia ugumu mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, huenda unachimba ukutani. Ukisikia ghafla hakuna kitu, simama. Pitisha kijiti chenye ncha ya mviringo ndani ya tundu, papasa kuta nne na sakafu. Roboti haikuondolei wajibu huu. Wanafunzi wanaofundishwa kwa mashine tu bila kujua hisia hii wananitia wasiwasi mkubwa, kwa sababu siku kamera itakapokataa kusoma watabaki mikono mitupu mbele ya mgonjwa aliyefunguliwa.

Wanaotumia waya mwembamba wa kuelekezea, muwe na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuutazama. Chombo cha kukatia hesi au skrubu yenyewe ikiukamata, unasukumwa mbele pamoja nayo, unatoboa ukuta wa mbele wa pingili na kufika kwenye mishipa mikubwa au utumbo. Skrubu ikishavuka kikonyo na kuingia mwili wa pingili, toa waya. Mifumo mingi mipya inaruhusu kufanya kazi bila waya kabisa, na pale inapowezekana naona ni bora.

Utaratibu wa hatua nao una uzito wake. Wekeni skrubu kwanza, ndipo mpunguze mfupa unaobana neva, mtoe diski au mnyooshe mgongo uliopinda. Mkianza kuondoa mfupa na kulegeza viungo, pingili zinahama, na picha mliyoipiga asubuhi inakuwa ya mgongo mwingine. Ikilazimu kuanza na kupunguza mfupa unaobana neva, pigeni picha upya kabla ya skrubu. Vilevile kila skrubu inayokazwa kwa nguvu inaisukuma pingili kidogo, kwa hiyo kwenye mgongo mrefu wenye skrubu nyingi usingoje hadi mwisho ndipo ukague.

Kamera nayo ina tabia zake. Inahitaji kuona. Muuguzi akisimama kati yake na fremu, inapofuka. Hilo ni rahisi, anasogea. Hatari zaidi ni tone la damu juu ya kijipira. Kamera haipofuki, inaona kijipira kimehama kidogo, na hesabu yote inahama nacho. Futeni vijipira kwa kitambaa safi chenye unyevu, na kama doa halitoki badilisheni.

Kuhusu usingizi na neva: tunapopima neva kwa umeme, misuli haitakiwi kuwa imelegezwa kabisa na dawa, la sivyo kimya cha kipimo hakina maana yoyote. Skrubu ya kiunoni ikipewa umeme na msuli ukaruka chini ya miliampea 8, shaka iwepo kwamba ukuta wa kikonyo umetoboka. Ikivuka 10 bila msuli kuruka, kwa kawaida mfupa umeizunguka. Kifuani kipimo hiki hakitegemeki vivyo hivyo. Upande mwingine, misuli iliyokaza inausukuma mrija. Kwa hiyo daktari mpasuaji na daktari wa usingizi wazungumze kabla: ni saa ngapi dawa ya kulegeza itumike, ni saa ngapi iwe imeisha.

Mtaniuliza nani anafaidika zaidi. Anayefaidika ni mgonjwa ambaye alama za kawaida za mfupa zimepotea: aliyekwisha kufungwa mgongo zamani na sasa kuna ukuta wa mfupa mpya, mwenye skoliosisi ambaye kila pingili imezunguka kwa pembe yake, mwenye vikonyo vyembamba. Pia yule anayefanyiwa kupitia matundu madogo ya ngozi, ambako bila mashine timu ingetegemea eksirei mfululizo na kuvuta mionzi mwaka hadi mwaka. Kwa mgonjwa mwenye L4 na L5 pana, mgongo ulionyooka na jeraha lililo wazi, mkono wa daktari aliyezoea unatosha, na sioni sababu ya kumuongezea saa ya maandalizi ili tu mashine itumike.

Maana muda unaongezeka, hasa mwanzoni. Tafiti kadhaa zinataja upasuaji 20 hadi 30 kabla timu haijazoea, na nasema timu kwa makusudi. Daktari mmoja aliyefunzwa akiwa na wauguzi wapya kila wiki ataanza upya kila wiki. Anzeni na kesi nyepesi za kiuno. Wekeni seti ya vyombo vya kawaida mezani kila siku, vimefunguliwa, na eksirei ikiwa chumbani. Muwe mmeshakubaliana: mashine ikishindwa kuoanishwa mara mbili, tunarudi kwenye njia ya mkono, na hakuna atakayelaumiwa kwa kusema hivyo. Kila mtu ajue kitufe chekundu cha kusimamisha mkono kiko wapi, akiwemo aliyeingia chumbani leo kwa mara ya kwanza.

Jambo la mwisho ni picha kabla ya kufunga jeraha. Tunapima skrubu kwa vipimo vya Gertzbein na Robbins: A ni ile iliyo ndani ya kikonyo kabisa, B imetoka chini ya milimita 2, C milimita 2 hadi 4, D milimita 4 hadi 6, E zaidi ya hapo. A na B tunazikubali. C iliyotoka kuelekea kwenye mfereji iangalieni kwa makini pamoja na kipimo cha neva, na mkiwa na shaka itoeni. Andikeni herufi ya kila skrubu kwenye jalada la mgonjwa, hata ile iliyowachukiza. Skrubu mbovu ikionekana mgonjwa akiwa bado mezani, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Ikionekana wiki mbili baadaye, imeonekana kwa sababu ameshindwa kunyanyua unyayo.

Mezani hapo mbele kuna mifano ya pingili za T5 na L5, kiashirio, na mrija. Karibuni mshike wenyewe, kisha tuchukue maswali.